Kutaja maneno kwa dakika moja: maswali ya wanaouguza Parkinson, PSP, Huntington na magonjwa mengine ya mwendo

Maswali haya watu wakitoka kwa daktari wa neva wanayauliza kila siku, na mengi ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mimi kazi yangu nimekaa miaka na stopwochi mkononi nawahesabia watu maneno. Mengine nimejibu kirefu kwa sababu ndo yanaumiza watu kichwa, mengine nimepita haraka.

Mzee anatetemeka mkono, sasa kutaja wanyama kunahusiana na nini?

Hili ndo la kwanza kila mara, na wengine wanaudhika kabisa, mtu kaja na mguu anaukokota afu anaambiwa ataje wanyama kama mtoto wa chekechea. Iko hivi. Katikati ya ubongo, kule ndani, kuna viini ambavyo kazi yao inayojulikana ni kuanzisha na kupanga mwendo wa mwili, lakini viini hivyo haviishii kwenye mikono na miguu, vina njia zinazopanda hadi sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopanga, inayochagua na kugeuza mawazo, afu njia zinarudi chini tena. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani, Alexander, DeLong na Strick, walizieleza njia hizi vizuri wakaonyesha kwamba ya mwendo ni moja tu kati ya kadhaa zinazokwenda sambamba. Sasa ugonjwa ukivishika viini hivyo unagusa njia zaidi ya moja. Mgonjwa anasimama mlangoni mguu hautaki kuanza, na ukimwambia ataje neno linaloanza na P anakaa vile vile, anajua maneno mengi tu ila la kwanza halitaki kutoka.

Kwa hiyo daktari hapimi elimu ya mzee wala hamdharau. Anachungulia ile njia ya pili.

Kipimo chenyewe kinafanywaje?

Dakika moja, sekunde 60, kwisha. Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya herufi, unapewa herufi moja unataja maneno yote unayoweza yanayoanza nayo. Majina ya watu na ya miji hayahesabiwi, na huruhusiwi kuzungusha neno moja kwa kulibadilisha mkia. Ya pili ni ya kundi, mara nyingi wanyama. Kuna ya tatu ambayo si kila mahali wanafanya, ya vitendo, yaani taja vitu ambavyo watu wanafanya, na ya nne ni ya kubadilishana, unataja mnyama afu nguo afu mnyama afu nguo, hiyo inawatesa wengi.

Si kitu kipya. Mwanasaikolojia Thurstone alitoa kipimo cha namna hii mwaka 1938, wakati huo watu wanaandika badala ya kusema, afu mwaka 1964 mtafiti wa ubongo Brenda Milner akaonyesha kuwa waliokatwa sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto wanakwama hapa hata kama kuongea kwao kwa kawaida hakuna shida.

Maneno mangapi ndo kawaida?

Kila mtu anataka namba. Mtu mzima aliyesoma, wanyama 18 hadi 20 hivi kwa dakika, mwenye miaka 80 na kitu anashuka na hakuna ajabu. Kwa herufi watu wanataja wachache kuliko wanyama, hilo ni la kawaida kwa wenye afya. Kipimo cha MoCA, kile kifupi cha kupima akili ambacho wengi mmekutana nacho, kinatoa alama ukifikisha maneno 11 ya herufi moja. Kingine kifupi kinachoitwa FAB, cha mwaka 2000, kinatumia herufi S: ukizidi maneno 9 unapata alama zote 3, 6 hadi 9 unapata 2, 3 hadi 5 unapata 1, chini ya hapo sifuri.

Lakini namba peke yake ni kitu kidogo sana. Mtu aliyeishia darasa la pili na aliyestaafu ualimu huwezi kuwawekea mstari mmoja. Mimi nikipokea karatasi imeandikwa "wanyama 11" bila kitu kingine huwa nairudisha naomba karatasi yenye maneno yenyewe na yalitoka sekunde gani, maana ugonjwa unaonekana kwenye jinsi maneno yalivyotoka.

Unamaanisha nini "jinsi yalivyotoka"?

Hapa ndo patamu, nitakaa kidogo. Msikilize mtu mwenye afya: simba, chui, duma, fisi, nyani... (anavuta pumzi) ...ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, kuku... (kidogo) ...papa, pweza, nyangumi. Umeona? Ameingia porini akachuma, pakaisha akahamia zizini, pakaisha akaenda baharini. Kuna vitu viwili pale, kuchuma ndani ya fungu na kuhama fungu. Troyer na wenzake waliliandika hili mwaka 1997 na tangu hapo watu wengi wanahesabu hivyo. Kuchuma ndani ya fungu kunategemea zaidi ghala la maneno, ambalo liko sehemu za pembeni za ubongo, na kuhama kunategemea zaidi sehemu ya mbele na vile viini vya ndani.

Sasa wagonjwa wengi wa mwendo ghala wanalo zima. Shida iko kwenye kuhama. Anaingia zizini anataja ng'ombe, mbuzi, kondoo, afu anabaki pale pale zizini anazunguka, ukimdokeza "na wa majini je?" anamwaga watano hapo hapo. Mgonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa unaokula kumbukumbu, ukimdokeza saa nyingi hapati kitu, maana kwake ghala lenyewe ndo linaliwa, na ndo maana kwake wanyama wanaanguka vibaya kuliko herufi.

Angalia pia sekunde 15 za kwanza. Mwenye afya anamwaga nyingi pale mwanzo afu anapungua. Ukiona mtu katoa mawili tu kwenye sekunde 15 za kwanza afu baadaye ndo anashika kasi, ile ni injini inayokataa kuwaka asubuhi.

Kwa Parkinson inakuwaje?

Wengi mwanzoni wako sawa au wanapungua kidogo tu, tuseme ukweli, msitishane. James Parkinson mwenyewe alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1817 aliandika kwamba akili haiguswi, na hilo limekuja kusahihishwa baadaye, lakini unaweza kuona kwa nini alidhani hivyo, mgonjwa wa mwanzo anaongea na wewe vizuri tu. Chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo vile viini vya ndani vinaitegemea, zinapungua taratibu na ile njia ya mbele inalegea taratibu. Kinachoonekana ni kuhama fungu kunapungua, kurudia neno bila kukumbuka kama alishasema ("simba... nimeshasema simba?"), na vitendo vinamsumbua kuliko majina ya vitu. Hili la vitendo linanivutia sana, mtu ambaye mwili wake unashindwa kutenda anakosa maneno ya kutenda: kukimbia, kuruka, kufua. Wanasayansi bado wanabishana kwa nini.

Wanyama nao wanashuka kwa Parkinson, saa ingine zaidi ya herufi, kwa hiyo mtu asikwambie "herufi zimeshuka basi ni Parkinson, wanyama wameshuka basi ni Alzheimer". Haiko rahisi hivyo. Ila Parkinson ikifikia dimensia, akili ikishindwa kuendesha maisha ya kila siku, zote mbili zinashuka, na maneno ya vitendo yanashuka vibaya zaidi.

Na PSP? Daktari kasema "si Parkinson ya kawaida"

PSP, ugonjwa wa ubongo unaoweza kudhaniwa ni Parkinson, ilielezwa mwaka 1964 na madaktari watatu waliokuwa Toronto, Kanada, Steele, Richardson na Olszewski. Mgonjwa anaanguka mapema, mara nyingi kinyumenyume, macho yanashindwa kuangalia chini, shingo imekaza. Na kwenye maneno ndo ugonjwa unaoyashusha kuliko karibu yote hapa, hasa herufi. Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2013 ulioona kwamba maneno chini ya 7 ya herufi P kwa dakika yanasaidia sana kutenganisha PSP na Parkinson. Yanasaidia, sio yanathibitisha, sawa?

Nikusimulie mzee mmoja nisiyemtaja. Herufi P. Akasema "paka". Kimya. Ananiangalia usoni, wala hahangaiki, wala hajikuni kichwa kama wenzake wanavyofanya. Sekunde 20 zimepita. "Panya". Kimya. Nikamwambia endelea baba. "Paka". Dakika ikaisha, maneno mawili. Afu mkewe pembeni akaniambia huyu ndo alikuwa msemaji wa kila harusi kwenye ukoo. Tulipomaliza mzee akatoa sentensi nzima, nzuri, imepangika, akilalamika kiti ni kigumu. Ndo PSP ilivyo: maneno yapo, lugha ipo, msukumo wa kuanza ndo umezimika. Familia zinadhani kanuna au hasikii, zinapandisha sauti, na wala hasaidiki na sauti.

Kingine, mwenye PSP ukimwambia apige makofi matatu anaweza kuendelea manne, matano, sita. Kuanza shida, kuacha nako shida. Kwenye maneno unaliona hilo akirudia "paka" mara tatu.

Huntington je, si ni ya kurukaruka mwili?

Ndiyo, mwili unacheza wenyewe, lakini kabla ya mwili kucheza maneno yanaweza kuwa yameshaanza kupungua kwa wale wanaokaribia kuugua. Huu ni wa kurithi, jini lake liligunduliwa mwaka 1993, mzazi akiwa nalo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Ndani ya jini hilo kuna kipande kinachojirudia, kinaitwa CAG, marudio yake yakiwa 40 na kuendelea mtu ataugua akiishi umri wa kawaida, 36 hadi 39 anaweza kuugua au asiugue. Kiini kinacholiwa zaidi kiko pale pale kwenye ile njia ya mbele, ndo maana kutaja maneno kwa herufi kumewekwa ndani ya kipimo rasmi cha kufuatilia Huntington, na ukimpima mtu mwaka hadi mwaka unaona mteremko.

Tofauti na PSP ni kwamba wa Huntington mara nyingi hakai kimya vile, anatoa matatu kwa mpigo, anakatika, anavunja sheria anataja jina la mtu, anacheka, anarudi. Herufi na wanyama vyote vinashuka. Na jamani, mtu mwenye mzazi wa Huntington asijipime maneno chumbani usiku afu ajihukumu. Kuna kipimo cha jini na kuna ushauri unaotangulia kipimo, hiyo ndo njia.

Wengine waliobaki?

Haraka haraka. MSA, ile inayokuja na presha kushuka ukisimama na shida ya mkojo, maneno yanapungua kidogo, kwa kawaida si kama PSP, ila ulimi unakuwa mzito sana mpaka kumhesabia ni kazi. Ile inayoshika mkono mmoja ukawa kama si wako, wataalamu wanaiita CBD au CBS, yenyewe inaweza kuja na kupoteza lugha kabisa, kwa hiyo pale hujui kama anakosa msukumo au anakosa neno, inabidi vipimo vingine vya lugha. Tetemeko la kurithi la mikono, wengi hawana shida yoyote ya kila siku, ukiwapima kama kundi unaona kupungua kidogo tu. Distonia, yaani misuli kujikunja, peke yake kwa kawaida haigusi maneno.

Wenye ugonjwa wa ubongo mdogo wa nyuma, wanaoyumba kama walevi wakati hawajanywa, hawa nataka niwaseme zaidi maana wanasahaulika. Kwa muda mrefu ilidhaniwa sehemu ile ni ya kupima hatua tu. Mwaka 1998 Schmahmann na Sherman wakaeleza kwamba ikiumia inaweza kuleta shida ya kupanga, ya hisia na ya lugha pia, na siku hizi kipimo chake maalumu kina herufi, wanyama, na ile ya kubadilishana. Kwa hiyo kama mgonjwa wako anayumba na ameanza kukosa maneno, hujakosea kuliona.

Baba anaongea polepole na sauti imeisha, si atafeli tu hata kama akili iko sawa?

Swali zuri sana na wapimaji wengine wanalisahau. Kutamka na kutafuta neno ni vitu viwili. Kama mdomo unachukua sekunde 4 kutoa neno moja hesabu mwenyewe, dakika ina nafasi 15 tu hata angekuwa na kamusi kichwani. Mpimaji mzuri anaangalia kwanza mtu anasoma au anahesabu moja hadi ishirini kwa muda gani, afu ndo anaamua. Dalili ya kutofautisha ni hii: mwenye shida ya mdomo anahangaika wakati wote neno likiwa linatoka, mwenye shida ya kutafuta mdomo umetulia, hakuna kinachotoka.

Na msonono. Mtu mwenye msonono anataja machache na anaacha mapema, "basi, sina". Msonono na Parkinson vinakaa nyumba moja mara nyingi, upimwe na utibiwe.

Tunapima kwa Kiswahili, herufi zinafanya kazi sawa?

Hapana, na hili linanikera maana watu wanabeba karatasi ya Kiingereza wanaigeuza tu. Kiswahili maneno yetu yamevaa viambishi mbele. Mpe mtu herufi K uone: kula, kulala, kukimbia, kucheka, kupika, anaweza kwenda mpaka jioni bila kutafuta kitu, kila kitendo kinaanza na ku. Akimaliza hapo anaingia kiti, kitanda, kitabu, kiatu. M nayo ni hivyo hivyo, mtu, mti, mto, mkono, mguu, mlango. Hizo ukitumia unapima ngeli, hupimi msukumo wa ubongo. Herufi kama P au S zina haki zaidi: paka, pua, pete, picha, punda. S nayo uamue kabla kama shamba na shoka zinahesabiwa, maana sauti ni nyingine ingawa inaanza na s kwa maandishi, na uamuzi uandike usiubadilishe kwa mgonjwa wa pili.

F iliyoko kwenye MoCA ya Kiingereza kwa Kiswahili ina maneno machache zaidi, fisi, fimbo, feni, fundi... kwa hiyo 11 ile usiichukue kama ilivyo. Na kama mtu hakwenda shule achana na herufi kabisa, neno kuanza na herufi ni wazo la shuleni, mpe wanyama. Anayeongea lugha mbili nyumbani mpime kwa ile anayoota nayo, na kama mnyama kamtaja kwa lugha nyingine mhesabie.

Apimwe kabla ya dawa au baada ya kumeza?

Baada, dawa ikiwa imeshika, na muda wa kidonge uandikwe kwenye karatasi. Levodopa, ile dawa kuu ya Parkinson, inasaidia mwendo kuliko inavyosaidia maneno, usitegemee wanyama wapande kutoka 10 hadi 20, lakini ukimpima amekakamaa unapima ukakamavu na uchovu. Na mtajie daktari dawa zote, hasa benzhexol, zile za zamani za kupunguza kutetemeka zinafunga kumbukumbu hasa kwa wazee.

Tumeambiwa kuna upasuaji wa kuwekewa nyaya kwenye ubongo, eti maneno yanapotea?

Yanapungua, hayapotei. Katika mambo yote ya akili yanayoweza kuguswa na upasuaji ule wa Parkinson, kushuka kwa kipimo cha maneno ndo kunakoripotiwa mara kwa mara kuliko kingine chochote, hasa nyaya zikiwekwa kwenye kile kiini kidogo kinachoitwa STN. Sehemu ya mteremko inatokana na sindano yenyewe kupita, maana kwa wengine unaonekana hata kabla umeme haujawashwa. Wengi nyumbani hawauoni kabisa, wanafurahi mkono umetulia, ila wapo wanaosema "neno liko mdomoni halitoki" zaidi ya zamani. Ndo maana unapimwa kabla ya upasuaji, na kama ulikuwa umeshashuka sana wanaweza kukwambia bora usifanye. Ombeni nakala ya matokeo ya kabla. Msipoichukua, mwaka mmoja baadaye hamna cha kulinganisha.

Naweza kumpima mwenyewe nyumbani?

Unaweza, kwa kufuatilia, sio kwa kutoa jina la ugonjwa. Saa ile ile, baada ya dawa, tivii imezimwa, mara moja kila miezi mitatu hivi, sio kila wiki maana atakariri. Andika maneno yote hata yaliyorudiwa, weka alama kila sekunde 15. Usimsaidie, na usimwangalie kwa huruma, hiyo nayo inamkatisha. Ukimpelekea daktari karatasi nne za mwaka mzima zenye maneno yenyewe umempa kitu ambacho yeye hana.

Alama zikiwa chini ndo tayari dimensia?

La. Dimensia ni pale shida za akili zinapomzuia mtu kuendesha maisha yake, dawa, pesa, kupika, na zinagusa zaidi ya kitu kimoja. Kipimo cha dakika moja hakiwezi kusema hivyo.

Mazoezi ya kutaja maneno kila siku yatamrudisha?

Atakuwa hodari wa kutaja wanyama. Ushahidi kwamba hilo linahamia kwenye maongezi ni mdogo. Kama anafurahia fanyeni, kama anakereka acheni. Mtaalamu wa matamshi ana kazi zaidi kwa sauti na kumeza.

Tuongee naye vipi basi?

Maswali ya wazi yanamfunga, hasa wa PSP na Parkinson iliyosonga. "Unataka nini?" ni sawa na kumwambia taja vitu vyote duniani ndani ya dakika moja. Muulize "chai au maji?", hapo neno umeshamletea mezani anachagua tu. Afu subiri. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla hujarudia swali, kwa sababu ukirudia yeye anaanza kutafuta upya. Mke wa yule mzee wa "paka" alijaribu hivyo, akaniambia siku ya kwanza alifika nane akakata tamaa, akafungua mdomo arudie, na mzee naye ndo akawa anasema, "maji".